Klova ipi uwapandie kulungu kwenye udongo wa kichanga?

Tutoe kwanza utata wa majina. Klova si karafuu. Programu za kutafsiri huzichanganya kila siku, ukajikuta unasoma kwamba kulungu wa Michigan wanakula karafuu. Klova ni mmea wa malisho wa jamii ya mikunde, majani matatu-matatu kwenye kikonyo kimoja, maua ya kishada kidogo cha mviringo. Na kulungu ninaowasema hapa si yule wa vichaka vya Afrika mwenye pembe za msokoto. Ni wa Amerika Kaskazini, hasa kulungu wa mkia mweupe, ambaye dume lake huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Wenye ardhi huko huwapandia vipande vya malisho, nusu ekari hapa, ekari mbili kule. Sababu kubwa ni protini: jike anayenyonyesha na dume anayeotesha pembe wanahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hivi au zaidi, na klova changa hutoa 20 na kupita.

Shida inaanza ardhi inapokuwa mchanga. Ukanda wa pwani wa Georgia na Carolina, mashariki mwa Texas, katikati mwa Wisconsin, sehemu kubwa ya kaskazini mwa Michigan: kote huko utakuta mtu ameshika mfuko wa mbegu wenye picha ya dume mwenye pembe kama matawi ya mbuyu, amesimama kwenye klova iliyomfika magotini. Picha hiyo haikupigwa mchangani.

Kwa hiyo ulinganisho huu hautaanza na utamu. Klova zote kulungu wanazila, na tofauti za ladha ni ndogo kuliko wauzaji wanavyotaka uamini. Swali la mchangani ni la maji: yapo miezi gani, yako kina gani, na mzizi wa mmea wako utakuwa umefika wapi siku yatakapokatika.

Mchanga unavyokuhesabia siku

Chukua konzi ya udongo wenye unyevu, uubane, kisha ufungue kiganja. Mfinyanzi unabaki donge lenye alama za vidole. Tifutifu unabaki donge pia, ila ukiligusa linavunjika. Mchanga unamwagika kabla hujamaliza kufungua mkono.

Ukitaka namba, ni hizi. Katika kina cha mita moja, mchanga hushika milimita 50 hadi 100 za maji ambayo mmea unaweza kuyavuta. Udongo tifutifu hushika 150 hadi 200. Sasa chukua klova yenye mizizi iliyoishia sentimita 30. Kwenye mchanga imekalia akiba ya milimita 15 hadi 30. Siku ya jua kali malisho hunywa milimita 5 hivi. Piga hesabu: siku tatu hadi sita baada ya mvua, ghala ni tupu. Mmea wenye mzizi wa mita moja una siku kumi hadi ishirini kwenye udongo uleule. Karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kinatoka kwenye hesabu hiyo.

Mchanga una tabia nyingine mbili. Rutuba inapita nayo na maji kwenda chini, hasa potasiamu, salfa na boroni, kwa hiyo mbolea ya kumwaga yote kwa mkupuo mmoja ni hasara. Na chokaa hufanya kazi kwa wepesi lakini haidumu: kupandisha pH (kipimo cha tindikali ya udongo; namba ikiwa ndogo, tindikali ni kali) kutoka 5.5 hadi 6.5 mchanga unaweza kuridhika na tani mbili hivi kwa hekta, ambapo mfinyanzi ungedai mara mbili au zaidi, ila mchanga utakurudisha kwenye upimaji baada ya mwaka mmoja au miwili.

Klova nyeupe dhidi ya klova nyekundu

Huu ndio mchuano ambao watu wengi wanauliza, basi tukae nao kidogo.

Klova nyeupe, na ndugu yake wa majani makubwa aitwaye ladino, ndiyo malkia wa vipande vya malisho. Inatambaa kwa mashina yanayoota mizizi kila kifundo, kwa hiyo kulungu wakiitafuna hadi chini inajitandaza upya. Inadumu miaka mitatu, minne, hata mitano ikitunzwa. Majani ni laini, hayana ukakasi wa mashina, na hukubali kufyekwa mara kwa mara. Kwenye udongo tifutifu ningeipanda nikalala usingizi.

Lakini angalia mizizi. Mche wa klova nyeupe huanza na mzizi mkuu, na huo mzizi hufa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kuanzia hapo mmea unaishi kwa mizizi midogo ya vifundo vya mashina, mingi ikiwa kwenye sentimita 20 au 30 za juu. Ndiyo ile hesabu ya siku tatu hadi sita. Mwaka wa kwanza kipande kinapendeza, unapiga picha unatuma kwa jamaa. Mwaka wa pili, katikati ya majira ya joto, unakuta mashina makavu kama kamba na nyasi za porini zimeshika nafasi. Mara nyingi mwenye shamba hulaumu mbegu, na mbegu haina kosa.

Klova nyekundu ina mzizi mkuu unaozama na unaobaki kuwa mkuu. Inasimama wima badala ya kutambaa, inaota kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza, na inavumilia ukame na udongo wa wastani kuliko nyeupe. Mapungufu yake yako wazi: huishi miaka miwili, mitatu ukibahatika, halafu inaisha, na ikiachwa ikazeeka inakuwa na mashina magumu ambayo kulungu huyaruka wakachuma majani tu. Kuifyeka mara moja au mbili kwa msimu, ukiacha kimo cha sentimita 12 hivi, kunairudishia ulaini.

Kwa mchanga wa kawaida, nyekundu inashinda. Nyeupe naipa nafasi pale tu penye unyevu wa kudumu: chini ya mteremko, kando ya kinamasi, au mahali ambapo ukichimba shimo la sentimita 60 katikati ya ukame unakuta udongo bado una ubaridi na giza. Hilo shimo lichimbe kweli. Ni kazi ya dakika kumi na inakuokoa miaka miwili ya kubahatisha.

Kuna wanaochanganya zote mbili, na nawaelewa: nyekundu inabeba mwaka wa kwanza, nyeupe inajitandaza chini polepole. Kwenye mteremko wenye mchanga juu na udongo mweusi bondeni mchanganyiko huo unajipanga wenyewe. Baada ya miaka miwili utaona mstari kabisa, nyekundu juu na nyeupe chini, kama mtu alipima kwa kamba.

Zile za msimu mmoja

Watu hudharau klova za msimu mmoja kwa sababu wanaona kupanda kila mwaka ni adhabu. Mchangani ningeomba wafikiri upya. (Vuli na masika ninayoyataja ni majira ya huko: vuli hufuata majira ya joto, masika hufuata baridi.) Mmea wa msimu mmoja unaopandwa mwishoni mwa majira ya joto au mwanzoni mwa vuli hutumia mvua za vuli, baridi na masika, unatoa maua, unaangusha mbegu na kufa kabla jua halijaanza kuchoma. Ukame unaukuta ukiwa umeshakuwa mbegu. Badala ya kupambana na miezi mibaya, unaikwepa.

Ya kwanza ni ile yenye maua marefu ya rangi ya damu ya mzee. Niiite hivyo, klova damu ya mzee (kwa Kiingereza crimson clover). Mbegu yake ni kubwa kuliko za wenzake, kwa hiyo huota kwa wepesi na husamehe makosa ya mpandaji. Inakubali pH ya 5.5 ambayo nyeupe ingeinunia. Mwanzo wa masika, wakati msitu bado mtupu, inatoa majani mengi kwa ghafla, kisha inachanua na kuisha mapema. Huko kuisha mapema ndiko kasoro yake: kulungu jike anapoanza kunyonyesha, mwanzoni mwa majira ya joto, yenyewe imeshakauka. Na katika majimbo ya kaskazini yenye baridi kali inaweza kuuawa na baridi hiyo, kwa hiyo huko usiitegemee ipite hadi masika.

Ya pili ni ya jani lenye umbo la kichwa cha mshale, asili yake nchi za Mediterania. Hii niiite jani mshale (kwa Kiingereza arrowleaf clover). Mimi naiona ndiyo klova ya mchanga wa kusini. Mzizi wake unazama vizuri, inapenda udongo usiotuamisha maji, na inaendelea kutoa majani wiki kadhaa baada ya damu ya mzee kumaliza. Kulungu wanaipenda sana. Inadai mambo mawili tu. Kwanza, mbegu yake ina ganda gumu, hivyo nunua iliyokwaruzwa kiwandani, la sivyo nyingi zitakaa ardhini bila kuota mwaka huo. (Hilo ganda hugeuka faida baadaye: zile zinazoangushwa na mmea huota kidogo kidogo miaka inayofuata.) Pili, inataka chanjo yake yenyewe ya bakteria, na hapo ndipo wengi huteleza. Nitarudi.

Kuzipanda hizi mbili pamoja ni mpango mzuri kuliko kuchagua moja. Ya kwanza inafungua mlango mapema, ya pili inaushikilia.

Ipo pia klova ya alsike, ambayo utaikuta ndani ya mifuko mingi ya mchanganyiko. Hiyo ni ya sehemu zenye maji na udongo mzito. Ukiiona kwenye orodha ya mfuko, jua sehemu ya pesa yako inakwenda kufa.

Wasio klova lakini wamo kwenye mbio

Lusini (alfalfa) ina mzizi mrefu kuliko klova yoyote na kulungu wanaifuata kama nyuki na ua. Kwa hoja ya maji peke yake ingeshinda kila mtu hapa. Ila inataka pH ya 6.5 hadi 7, potasiamu nyingi na boroni, vitu vilevile ambavyo mchanga haushiki, na ina wadudu wake wanaoiandama. Kwa kipande kidogo cha kulungu msituni naona ni kujitwisha ng'ombe kwa ajili ya kikombe cha maziwa.

Chikori ni habari nyingine. Si jamii ya mikunde, haitengenezi naitrojeni yake, lakini mzizi wake unashuka kama karoti ndefu na majani yanabaki ya kijani wakati klova imesinyaa. Kulungu wasioijua wanaweza kuipita bila kuigusa mwanzoni, halafu siku moja wanaizoea na hawaiachi. Kilo moja au mbili kwa hekta ndani ya klova nyekundu zinatosha. Ukizidisha, chikori inatawala, na ikishatoa shina la maua inakuwa ngumu kama fimbo. Klova nyekundu pamoja na chikori kidogo ndiyo jozi ninayoirudia kwa mchanga ambao si mbaya sana.

Kunde nazitaja haraka kwa wale wa kusini wanaotaka kitu cha miezi ya joto yenyewe. Zinastahimili mchanga na joto kuliko klova yoyote. Tatizo lake ni kulungu wenyewe: kipande kidogo cha kunde changa kinaweza kuliwa chote kabla hakijafika kimo cha kifundo cha mguu. Chini ya ekari mbili penye wanyama wengi, bila uzio wa muda, usijisumbue.

Vipimo vya kupandia

Haya ni makadirio ya kumwaga mbegu juu ya udongo, mbegu tupu zisizopakwa. Mbegu zilizopakwa koti mara nyingi theluthi ya uzito wake ni hilo koti, kwa hiyo kilo tatu za mfuko ni kilo mbili za mbegu. Ongeza ipasavyo, na ulinganishe bei kwa hesabu hiyo, usitazame ukubwa wa mfuko.

| Mbegu | Huishi | Kilo kwa hekta | pH inayoridhika |
|---|---|---|---|
| Klova nyeupe, ladino | miaka 3–5 penye unyevu | 6–9 | 6.0–7.0 |
| Klova nyekundu | miaka 2–3 | 11–13 | 6.0–7.0 |
| Damu ya mzee | msimu mmoja | 22–28 | 5.5–7.0 |
| Jani mshale | msimu mmoja, hujiotea | 9–11 | 6.0–7.0 |
| Lusini | miaka kadhaa | 17–22 | 6.5–7.0 |
| Chikori peke yake | miaka 2–4 | 4–6 | 5.5–7.0 |

Usishangae klova nyeupe kutajwa kilo chache. Kilo moja ina mbegu zaidi ya milioni moja na nusu. Za damu ya mzee ni laki tatu na ushee.

Haro au rola?

Makosa ya mchangani hutokea zaidi kwenye kufukia kuliko kwenye kuchagua. Mbegu ya klova inataka kina cha nusu sentimita, isizidi moja. Mara ya kwanza niliyoshika kazi hii nililima vizuri, nikamwaga mbegu, halafu kwa bidii nikapitisha haro (chombo cha kuvunja na kusawazisha udongo) juu yake ili "zisiliwe na ndege". Mchanga uliolimwa ni mwepesi. Mbegu zilishuka sentimita tatu na nne. Baada ya wiki tatu klova ilikuwa imeota mahali pawili tu: mistari miwili ya kijani iliyonyooka, kwenye alama za matairi ya trekta. Pale ndipo udongo ulikuwa umebanwa.

Tangu hapo mpangilio wangu ni rola, mbegu, rola. Banza kitanda kwanza. Kanyaga: kisigino kikizama zaidi ya sentimita moja, rudia. Kisha mwaga mbegu, kisha rola tena ili zishikane na udongo. Huna rola? Endesha gari au pikipiki ya magurudumu manne juu yake, tairi kwa tairi. Inachosha lakini inafanya kazi.

Njia ya kumwaga mbegu mwishoni mwa msimu wa baridi, ili kuganda na kuyeyuka kwa udongo kuzifukie, inasifiwa sana kaskazini, na sifa hizo ni za haki kwenye udongo mzito unaopasuka-pasuka. Mchanga hauvimbi wala kupasuka vile, kwa hiyo mbegu nyingi hubaki juu. Kujazia mapengo kwenye klova iliyopo, sawa. Kuanzisha kipande kipya kwa njia hiyo mchangani, ningekataa.

Kati ya masika na mwisho wa majira ya joto, kwa mchanga nachagua mwisho wa majira ya joto bila kusita, siku 45 hadi 60 kabla ya baridi ya kuua, na kwa kusini hadi vuli yenyewe. Ukipanda masika, mche unaingia miezi ya joto ukiwa na mzizi wa urefu wa kidole, huku magugu yakiwa na nguvu zote. Subiri utabiri wa mvua ya kweli kabla ya kumwaga. Mchanga uliolowa juu kidogo tu unaamsha mbegu kisha unaiua.

Panda pia nafaka ya kuilea: rai ndiyo inayovumilia mchanga na tindikali kuliko nyingine, ngano inafuata. Kilo 35 hadi 55 kwa hekta. Ukizidisha hapo, rai itaitia klova kivuli na kuinyang'anya maji masika, nawe utajiuliza mtoto kaenda wapi. Masika rai ikirefuka, ifyeke juu ya klova na uache majani yalale kama matandazo.

Chokaa au mbegu bora?

Kama fedha zinatosha kimoja tu mwaka huu, nunua chokaa. Kwenye pH ya 5 mbegu ya bei ya juu na mbegu ya kawaida hufa sawa. Pima udongo, weka chokaa miezi mitatu hadi sita kabla ya kupanda, na wakati huo wa kusubiri panda rai au bakwiti (mmea wa mbegu za kuliwa kama nafaka), uzilaze chini, zioze. Kila kiasi cha mboji unachoongeza kwenye mchanga ni sponji. Kwa sababu hiyohiyo usilime mara kwa mara; kila ukigeuza mchanga unateketeza mboji uliyoitafuta kwa shida. Chagua chokaa yenye magnesi kama kipimo kinaonyesha upungufu, jambo la kawaida mchangani. Wala usizidishe kwa kudhani chokaa haidhuru: mchanga uliopandishwa kupita 7 huficha manganizi, zinki na boroni, na majani yanapauka ukiwa umetumia pesa kuyapausha.

Mbolea ya naitrojeni kwenye klova iliyokwisha kushika iache. Utalisha magugu. Potasiamu gawa mara mbili, masika na vuli.

Chanjo

Nilisema nitarudi. Klova hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa rizobia wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Mchanga mkavu usiowahi kuota klova mara nyingi hauna bakteria hao wa kutosha, kwa hiyo mbegu lazima ichanjwe. Klova nyeupe na nyekundu zinatumia chanjo moja. Ya jani mshale ina yake. Lusini ina yake tofauti kabisa. Mfuko ulioandikwa "imechanjwa" lakini una aina tano ndani yake unastahili maswali. Poda ya chanjo ni viumbe hai: iweke mahali baridi, pasipo jua, itumie kabla ya tarehe kwisha, na ukishaichanganya na mbegu panda siku hiyohiyo.

Namna ya kujua kama imeshika ni rahisi, nami naipenda kuliko kipimo chochote cha maabara. Wiki ya sita hivi, chimbua mche kwa sepetu. Usiung'oe, mchanga utavua vinundu vyote vibaki chini. Utumbukize na udongo wake kwenye ndoo ya maji, uuchezeshe polepole hadi mizizi ibaki mitupu. Utaona vinundu vidogo kama punje za ulezi. Pasua kimoja kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi, karibu na nyama mbichi, bakteria wako kazini. Vikiwa vyeupe vyote, au hakuna kabisa, na majani yamekuwa ya njano, chanjo ilikufa njiani.

Ningechagua nini mahali gani

Mchanga mkavu wa kilimani, kusini: damu ya mzee na jani mshale ndani ya rai au ngano, kila vuli. Acha zitoe mbegu kabla ya kufyeka na mwaka wa pili nusu ya kazi itakuwa imejifanya.

Mchanga wa kaskazini wenye mboji kidogo: klova nyekundu na chikori, upya kila baada ya miaka miwili au mitatu. Bondeni tu, penye unyevu uliouthibitisha kwa lile shimo, ladino.

Mchanga mweupe kama wa ufukweni, pH chini ya 5.5: mwaka huu hakuna klova. Rai, bakwiti, rai tena, na chokaa. Kulungu watakula rai changa msimu wote wa baridi na hawatakudai zaidi.

Kwenye eneo lenyewe, jihadhari na ukingo wa msitu. Kivuli cha asubuhi kinapendeza, lakini miti mikubwa hunyonya maji mita nyingi nje ya matawi yake, na mchangani hiyo ndiyo sababu ya ule mkanda wa klova iliyodumaa unaoonekana pembezoni. Kipande kirefu chembamba kilichobanwa na misonobari pande zote mbili ni mkanda huo tupu, hakina katikati. Na kama nia yako ni kuwinda juu ya kipande hicho, soma kanuni za jimbo kwanza. Zinatofautiana, hasa juu ya tofauti kati ya malisho yaliyopandwa na chakula kilichomwagwa.

Kitu cha mwisho cha kuweka kabla hujaondoka siku ya kupanda ni kizimba: waya wa matundu uliokunjwa duara, upana wa mita moja, kimo cha mita moja na nusu, vigingi vitatu. Kiweke katikati ya kipande. Baada ya miezi miwili linganisha ndani na nje. Klova ya ndani ikiwa imefika magotini na ya nje imebaki vijiti, mchanga hauna kesi; ni wewe una kulungu wengi kuliko eneo lako linavyoweza kulisha, na dawa ni kupanua kipande au kuongeza cha pili. Ndani na nje zikiwa zimedumaa sawasawa, kachukue sampuli ya udongo.